Undugu Uliposhuka Thamani

Ilikuwapo nchi ambayo jina lake haliwezi kuandikwa hapa, si kwa woga, bali kwa sababu jina lenyewe liliwekwa rehani. Wadai walilichukua pamoja na bandari, uwanja wa ndege na mlima mmoja, na tangu hapo kila anayelitaja kwa maandishi hulipia ada. Wimbo wa taifa, uliokuwa na jina hilo mara sita, ukawa unaimbwa kwa kuvumisha puani tu. Wananchi walizoea. Wengine walisema hata unapendeza zaidi.

Nchi hiyo ilikuwa mojawapo ya nchi saba zilizotumia sarafu moja iitwayo undugu. Siku sarafu ilipozinduliwa, marais saba walishikana mikono wakatokwa machozi mbele ya kamera, na Rais wa nchi yetu akalia kuliko wote, maana ndiye aliyekuwa na mipango mingi zaidi ya kukopa. Mkate ukauzwa undugu mbili, sahani ya wali na maharage undugu tano, na mtu aliyefilisika akaambiwa, kwa maneno ya kawaida kabisa, kwamba hana undugu.

Kwa sarafu hiyo nchi ikakopa. Ilikopa kujenga barabara ya njia nane hadi kijijini kwa Rais, ikakopa kununua magari ya kuipitia, kisha ikakopa kulipa riba ya mikopo ile miwili. Ndugu sita walipostuka, wakatuma Wajumbe wa Wadai. Wajumbe wakapangiwa ghorofa tatu za juu za hoteli kubwa kuliko zote, kwa gharama ya mdaiwa, ili wawe karibu na umaskini waliokuja kuuchunguza.

Wajumbe wakaleta mpango ulioitwa Kujibana kwa Hiari. Hiari yenyewe ilikuwa ya lazima. Taa za kuongozea magari ziliachiwa rangi moja tu, nyekundu, kwa kuwa ndiyo inayookoa mafuta. Hospitali kuu ilibaki na kipimajoto kimoja, kikizungushwa wodini kwa zamu na askari mwenye bunduki. Wastaafu walitakiwa kuleta kila mwezi uthibitisho kwamba wako hai, na muhuri wa uthibitisho huo uliuzwa kwa bei iliyoizidi pensheni kidogo. Na Shule ya Viziwi ya Mtoni, ya pekee nchini, ikafungwa. Waziri wa Fedha, Mheshimiwa Profesa Matawi, alilieleza Bunge kwamba shule hiyo ilichaguliwa baada ya utafiti wa kina, ulioonyesha kuwa ndiyo ambayo kufungwa kwake hakutaleta kelele.

Wabunge walipiga meza kwa furaha. Na kweli, kelele hazikuwapo.

Lakini nyuma ya soko la mitumba, katika kibanda cha fundi viatu aitwaye Mzee Hilali, watu walilia siku nzima bila sauti. Mzee Hilali alizaliwa kiziwi. Pale Mtoni ndipo alipojifunza kusoma, kushona soli, na kuzungumza kwa mikono. Pale ndipo alipompata mkewe, kiziwi mwenzake. Binti yao mmoja tu, Ramla, alizaliwa anasikia. Lugha yake ya kwanza ilikuwa ya mikono. Kiswahili alikiokota kwa majirani, neno moja moja, kama watoto wanavyookota makopo.

Ramla alikuwa bado mtoto wa shule mama yake alipougua. Walikaa kwenye korido ya hospitali, yeye na baba yake, hadi muuguzi alipotoka, akainama na kumwambia mtoto, "Mwambie baba kwamba mama amelala, anapumzika." Ramla alimtazama muuguzi, akamtazama baba yake, akainua vidole vyake vidogo akasema: "Mama amekufa." Mzee Hilali alimkumbatia pale pale sakafuni. Tangu siku hiyo, jambo lolote la ulimwengu wa wanaosikia, liwe la daktari, la mwenye nyumba au la polisi, hakuliamini mpaka limepita kwenye mikono ya binti yake. Likishapita hapo, hakuuliza tena.

*

Sasa, Wajumbe wa Wadai walikuwa na sharti moja zuri. Walitaka uwazi kwa makundi yote ya jamii. Basi televisheni ya taifa ikaamriwa kuweka, pembeni mwa kila hotuba ya Waziri, kiduara kidogo chenye mkalimani wa lugha ya alama.

Ramla alikwenda kwenye usaili akawakuta wakubwa watano, hakuna hata mmoja anayeijua lugha hiyo. Wakamwambia aseme kwa alama, "Serikali inawapenda wananchi wake." Yeye, kwa kuwa alikuwa binti wa fundi, akawaambia kwa mikono kwamba viatu vyao vyote vitano vinahitaji rangi. Wakubwa wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mmoja alisema ameguswa sana. Ramla akapewa kazi.

Kibanda cha Mzee Hilali kikageuka ukumbi. Kila siku ya hotuba viziwi wa mji mzima walijazana humo, wamekaa juu ya makasha na ndoo, macho yote kwenye kiduara. Bi Tatu, mpika chapati, mwanamke mnene mwenye mikono inayozungumza kwa haraka kuliko ya mtu yeyote, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa chama chao. Mzee Hilali alikuwa mweka hazina, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikosea hata tundu la sindano. Walikuwa wakichanga. Serikali imefunga shule. Wao watafungua darasa moja, wamwajiri mwalimu mmoja wa zamani, watoto wasikae majumbani wakitazama kuta. Akiba yao yote ilikuwa benki.

Hotuba zilitolewa alasiri ili kuokoa taa. Siku moja Profesa Matawi alipanda jukwaani amevaa suti yenye kiraka kipya kabisa kwenye kiwiko, kilichoshonwa maalumu na fundi kutoka ng'ambo, ishara kwamba naye anajibana. Akakohoa.

"Ndugu wananchi," alisema, "napenda kuwahakikishia kwamba nchi yetu haiko katika mgogoro. Tunapitia tu kipindi cha mpito wa kimarekebisho, ambapo uwiano wa matarajio ya ukwasi utaoanishwa upya na uhalisia wa mizania, kwa kuzingatia mchango shirikishi wa wenye amana."

Nchi nzima ilisikia, na nchi nzima ikaendelea kunywa chai.

Ramla, ndani ya kiduara chake, alikuwa na taabu. Lugha ya mikono ina ukaidi mmoja: haikubali tendo lisilo na mtendaji. Kwa mdomo unaweza kusema kitu "kitaoanishwa" ukaenda zako. Kwa mikono, kitu kikichukuliwa, lazima mkono utoke mahali, ushike, uende mahali. Lazima ionekane unatoka kwa nani na unaingia kwa nani. Ramla aliyageuza maneno ya Waziri kichwani, akatafuta yana nini ndani, na mikono yake ikasema kile ilichokikuta: "Pesa za Serikali zimekwisha. Wataingia benki. Watachukua zenu."

Kesho yake asubuhi, mlango wa benki ulipofunguliwa, viziwi walikuwa wamepanga mstari kimya kimya, Bi Tatu mbele na beseni lake la chapati kichwani. Wapita njia waliwacheka. Makarani wakawalipa akiba zao zote kwa noti za undugu. Fedha ya darasa Mzee Hilali akaipeleka kibandani, akaitia ndani ya kasha la mabuti, akaketi juu yake akaendelea kushona.

Kufikia adhuhuri kicheko kilipungua. Mtu mmoja sokoni aliuliza, "Hivi, viziwi wamesikia nini?" Swali hilo likapita kwenye vijiwe, likaingia maofisini, na jioni mstari ulikuwa umeizunguka benki ukavuka barabara ukaupita msikiti. Siku iliyofuata benki zote zilifungwa, kukiwa na tangazo mlangoni kwamba zinafanyiwa usafi.

*

Serikali ilishangaa. Haikushangaa kwamba fedha hazipo, hilo ililijua. Ilishangaa vipi waliotangulia kusikia wawe ndio wasiosikia. Ikaundwa Tume ya Kuchunguza Namna Viziwi Walivyopata Kusikia, yenye majaji wawili, daktari wa masikio na brigedia mstaafu. Shahidi wa kwanza alikuwa Bi Tatu. Tume ikamuuliza maswali kwa saa nzima kabla haijakumbuka kwamba haina mkalimani. Ikamwita Ramla. Basi Ramla akawa anatafsiri uchunguzi unaomchunguza yeye mwenyewe.

"Mliisikia habari hii kwa nani?" aliuliza brigedia.

Bi Tatu alimtazama Ramla kwa huruma, kisha akamjibu brigedia kwa mikono yake ya haraka.

"Anasema," Ramla akatafsiri, "hawakusikia. Waliona."

Siku mbili baadaye Ramla aliitwa ofisini kwa Waziri.

Ilikuwa ofisi kubwa, yenye zulia linalomeza nyayo, na ubaridi wa mashine iliyohamishwa kutoka kwenye chumba cha dawa cha hospitali. Waziri alisimama kumpokea. Hakuwa mtu mkali. Kando yake alikaa Bwana Gervasi, Mkurugenzi wa Utulivu wa Umma, mwenye sauti ya mtu anayemwamsha mtoto.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, kaa. Unywe chai?" Waziri aliketi, akaunganisha vidole vyake. "Mwanangu, mimi nilisema mchango shirikishi wa wenye amana. Mikono yako ilisema nini?"

"Ilisema mtachukua pesa za watu, Mheshimiwa."

Waziri akamgeukia Bwana Gervasi. "Ni tafsiri sahihi?"

"Kwa bahati mbaya, Mheshimiwa," alisema Bwana Gervasi, "ni sahihi kupita kiasi."

Waziri alipumua. Akaeleza, taratibu, kama baba anayemweleza mwanawe kwa nini hakuna nyama. Benki, alisema, si kasha la pesa. Benki ni imani. Watu wakiamini kwamba pesa zao zipo, hawaendi kuzichukua, na wasipokwenda kuzichukua, zipo. Wakiacha kuamini, wanakwenda wote, na zinakuwa hazipo.

"Wewe ndiye uliyewaondolea imani," alisema. "Sikulaumu. Lakini wewe ndiye unayeweza kuirudisha. Mji mzima sasa hautazami mdomo wangu, unatazama mikono yako. Wakiona viziwi wanarudisha pesa benki, nao watarudisha. Hotuba ijayo, mikono yako iseme: fedha zenu ziko salama, zirudisheni."

"Na ni kweli, Mheshimiwa?"

"Itakuwa kweli," alisema Waziri, "wakizirudisha."

Ramla aliligeuza neno hilo akitafuta lina nini ndani, na safari hii hakukuta kitu cha kushika.

"Tena kuna jambo," Waziri aliendelea kwa upole. "Ile shule ya Mtoni. Utulivu ukirudi, tutaifungua. Nimekwisha andika. Imebaki saini tu, na kalamu hii hapa."

Akaiinua kalamu. Ilikuwa kalamu kweli.

"Ama sivyo," aliongeza Bwana Gervasi kwa sauti yake laini, "tutalazimika kuwachukulia hatua waliovuruga uchumi. Kiongozi wao, nadhani, ni yule mama wa chapati. Na mtunza fedha wao ni fundi mmoja. Jina lake unalijua."

Ramla alitazama zulia. "Nani atanikagua, kama nimesema hivyo au sikusema?"

"Hapo ndipo tulipo na upungufu," alikiri Waziri. "Hatuna mwingine anayeijua lugha hiyo, na kuajiri tumezuiwa. Utajikagua mwenyewe, utuletee ripoti."

*

Alasiri ya hotuba ya pili, Profesa Matawi alizungumza kwa muda mrefu kuhusu uthabiti. Alisema uthabiti wetu ni thabiti. Alisema yeyote anayetilia shaka undugu wetu ni adui wa undugu.

Ramla alisimama kwenye alama yake ya chaki sakafuni. Aliiona kamera kama jicho la baba yake. Alifikiria watoto wa Mtoni, na kalamu ile ikigusa karatasi. Alifikiria Bi Tatu amekaa selo, anapigiwa kelele asizozisikia. Mikono yake ikapanda. Ikasema: "Fedha zenu ziko salama. Zirudisheni benki. Shule itafunguliwa." Ilisema vizuri, bila kutetemeka, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi baadaye, kwamba haikutetemeka.

Alipofika kibandani jioni, viziwi walikuwa bado wamejaa, wanabishana mikono hewani. Bi Tatu hakutaka. "Wiki iliyopita walikuwa wezi," alisema, "wiki hii wamekuwa malaika? Wamekunywa dawa gani?" Mzee Hilali alimwona binti yake mlangoni. Akaweka chini kiatu alichokuwa nacho, akajipangusa gundi vidoleni, akasimama mbele yake. Wote wakatulia.

"Nimekuona kule ndani," alisema, akionyesha televisheni. "Pale wewe ni mtumishi wa Serikali. Unatafsiri uliloambiwa. Sasa uko nyumbani. Niambie wewe. Ni kweli?"

Hapo alikuwa na nafasi. Mlango ulikuwa wazi, hapakuwa na kamera, hapakuwa na Bwana Gervasi. Angeweza kusema "Sijui." Lilikuwa jibu la haki kabisa. Lakini aliwatazama watu waliokaa juu ya ndoo, akaona kwamba akisema sijui hawatarudisha, na wasiporudisha shule haifunguliwi, na asubuhi askari watakuja kwenye kibanda hiki hiki. Akajiambia kwamba itakuwa kweli wakizirudisha.

"Kweli," alisema.

Mzee Hilali aliitikia kwa kichwa mara moja. Hakuuliza tena. Akamgeukia Bi Tatu, akasema, "Umeona."

Kesho yake walikwenda wote pamoja. Benki ilifunguliwa tena, ikawapokea kwa bendi ya polisi, tarumbeta kwa ngoma, iliyopigwa kwa heshima ya viziwi kwa saa nzima. Wao waliona mashavu ya wapuliza tarumbeta yakivimba, wakapunga mikono kwa adabu. Mzee Hilali alilibeba kasha la mabuti mwenyewe mpaka kwenye kaunta. Meneja akapigwa naye picha. Picha ikatoka gazetini, na watu wanaosikia walipoiona, wakasema kama viziwi wamerudisha basi mambo ni shwari, na mstari ukazunguka tena benki, safari hii wa kuingiza.

Kwa siku chache nchi ilikuwa na utulivu usio na kifani. Bwana Gervasi alimpelekea Ramla keki.

*

Kisha ikaja Ijumaa. Ramla alifika studio kama kawaida, akazuiwa mlangoni. Wajumbe wa Wadai, aliambiwa na mlinzi, wameondoka asubuhi na ndege, wakaacha bili ya hoteli. Na kwa kuwa wameondoka, sharti la uwazi nalo limeondoka. Kiduara kimefutwa. Kumbe kilikuwa kinakula umeme.

"Waziri anahutubia?" aliuliza Ramla.

"Anaanza sasa hivi, dada."

Alikimbia. Alipita soko la mitumba viatu mkononi, na kila redio aliyoipita ilikuwa na sauti ileile, akawa anaiokota hotuba vipande vipande.

"...leo tumejikomboa kutoka katika utumwa wa undugu..." ilisema redio ya kinyozi.

"...kuanzia saa hii, sisi na wenzetu hatuna undugu..." ilisema ya muuza nazi.

Kibandani aliwakuta wamekaa kama siku zote, macho kwenye televisheni, wanautazama mdomo wa Profesa Matawi ukifunguka na kufumba. Pembeni, mahali pa kiduara, palikuwa na pazia tu. Walipomwona waligeuka wote kwa pamoja, nyuso zikafunguka kwa faraja, maana amefika.

"Anasema nini?" aliuliza baba yake.

Ramla alisimama kando ya televisheni, akiwa bado anahema. Akatafsiri. Hakukuwa na aliyemlipa wala aliyemwamuru. Aliwaambia kwamba nchi imetolewa kwenye sarafu ya pamoja. Kwamba kuna sarafu mpya, inaitwa subira. Kwamba mwenye noti za undugu mkononi, noti zake ni nzima, maana ni mali ya nchi sita zilizobaki, na zitapokewa popote. Lakini aliyeweka undugu benki hatapewa undugu. Atapewa subira.

"Undugu mmoja kwa subira ngapi?" aliuliza Bi Tatu.

"Moja kwa moja, leo."

"Na kesho?"

Bi Tatu aliyatazama mabuti ukutani, akatazama mahali palipokuwa na kasha, mikono yake ya haraka ikalala mapajani kama vitu visivyo vyake. Mtu mmoja nyuma alianza kugonga paji la uso kwenye nguzo, taratibu. Hakuna aliyemzuia.

Mzee Hilali alizima televisheni. Waziri alikuwa bado ameinua kidole.

"Siku ile," alimuuliza binti yake. "Nilipokuuliza hapa. Ulijua?"

"Walisema itakuwa kweli, Baba. Walisema mkirudisha itakuwa kweli. Walisema watakukamata. Walisema shule..."

"Sikuulizi walisema nini. Ulijua?"

Mikono ya Ramla ilibaki hewani, haina pa kwenda. "Sikujua," alisema mwishowe. "Nilisema kweli, na sikujua."

Mzee akainama, akaokota kiatu alichokuwa akishona, akarudi kwenye kazi yake.

*

Yaliyofuata yameandikwa katika magazeti ya nchi ile, ingawa magazeti yenyewe sasa hutoka kurasa mbili. Subira ilishuka. Watu walilipwa mishahara kwa subira, wakapanda magari kwa subira, na aliyelalamika hospitalini kwamba hakuna dawa aliambiwa kama ana subira alete. Kufikia mwisho wa mwezi, akiba ya darasa la viziwi ilitosha kununua madaftari, nusu dazeni. Profesa Matawi alitunukiwa Nishani ya Subira Daraja la Kwanza. Akiba yake yeye, kwa bahati njema, ilikuwa imekwenda nje ya nchi mapema, kwa matibabu. Na Shule ya Mtoni ilifunguliwa kweli kama alivyoahidi, yaani kufuli la lango liliondolewa, kwa kuwa lilikuwa mali ya Serikali na lilipata mnunuzi.

Bi Tatu hakukamatwa. Hakukuwa na petroli ya kwenda kumkamata.

Ramla alipata kazi ya kupima vitambaa dukani. Siku ya kwanza ya mapumziko alikwenda kibandani na mkungu mdogo wa ndizi, akasimama mlangoni, akasema kwa mikono, "Shikamoo, Baba."

Kwa wateja wanaosikia Mzee Hilali alikuwa na ubao mdogo wa kuandikia, wenye kipande cha chaki kilichofungwa uzi. Aliuchukua, akaandika kwa hati yake iliyonyooka, akaugeuza.

KARIBU. UNATENGENEZA NINI?

Ramla aligeuka kutazama kama kuna mteja nyuma yake. Hapakuwa na mtu.

"Baba, ni mimi," alisema. Lakini mzee alikuwa ameyashusha macho kwenye ubao, anangoja. Asiyetazama hasikii, na Ramla angeweza kupunga mikono mpaka magharibi. Akaenda kwa Bi Tatu, aliyekuwa akikanda unga mlango wa pili.

"Ana hasira nami?"

Bi Tatu alijipangusa unga. Yeye alikuwa bado anazungumza naye, ingawa si kwa haraka kama zamani. "Sisi wengine umetuumiza mfukoni," alisema. "Mfuko unapona. Yeye ulikuwa masikio yake. Sasa hajui tena kinachosemwa duniani ni kipi."

Ramla alirudi kibandani. Akavua kiatu cha kulia, akachukua chaki, akaandika: kisigino. Mzee alikipokea, akakitia kwenye chuma chake, akaanza kazi. Yeye alikaa kwenye benchi la wateja, karibu kiasi cha kusikia pumzi ya baba yake ikipita puani kila anapovuta uzi. Mzee alipomaliza aliandika bei, ile ile ya kila mtu. Ramla akalipa. Mzee akaandika: ASANTE. KARIBU TENA.

Basi akawa anakwenda. Alipeleka kiatu cha kushoto. Alipeleka ndala za kuogea, zikatiwa uzi. Viatu vyake vilipokwisha, alianza kuazima vya majirani, na mtaa mzima ukawa unatembea juu ya soli mpya bila kujua kwa nini dada wa vitambaa amekuwa mkarimu hivyo. Kila mara ubao, kila mara bei, kila mara karibu tena.

Jumamosi moja mvua ilinyesha, wateja hawakuwapo, na Ramla hakuwa amepata kiatu kibovu popote. Alikwenda na kiatu kizima. Mzee Hilali alikipokea. Akakigeuza, akakunja soli, akapitisha kidole ndani kutafuta msumari. Akapima kisigino kwa gumba. Hakuona kasoro. Akainua macho, akamtazama binti yake usoni, muda mrefu, kama mtu anayesoma jambo lililoandikwa kwa hati mbaya.

Mikono ya Ramla ilikuwa mapajani. Hakuiinua.

Mzee akachukua nyundo. Akakigonga kisigino kile kizima polepole, mahali pasipo na kitu, akakipangusa kwa kitambaa, akaandika bei.

Ramla akalipa, akavaa kiatu chake, akabaki amekaa kwenye benchi. Nje mvua ilikuwa inaendelea. Mzee hakuandika karibu tena. Alivuta kasha, akachagua kiatu kingine, akaanza kukishona, na hakumwambia aondoke.